Maji Kwanza, Mafuta Baadaye: Historia Fupi ya Kusafisha Bunduki, kutoka Manza hadi Busanza

Nyumbani kwa bibi yangu hapa Busanza, ndani ya kabati la vyombo, kuna kichupa cha shaba ya njano chenye urefu wa kidole. Kina mfuniko wa kuzungusha, na chini ya mfuniko huo kimeunganishwa kijiti chembamba chenye ncha bapa kama kijiko kidogo sana. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni chupa ya wanja. Siku moja nilijaribu kujipaka jichoni, bibi akaninyang'anya mbio.

"Hicho si cha macho, mjukuu wangu. Ni cha bunduki. Ni cha baba yangu."

"Na bunduki yenyewe iko wapi, bibi?"

"Bunduki ilikuwa ya Mfalme. Yeye aliachiwa mafuta."

Baba yake bibi aliondoka Rwanda akiwa kijana kwenda Uganda kutafuta kazi, kama walivyofanya Wanyarwanda wengi enzi za ukoloni. Badala ya kuishia shambani aliishia jeshini, katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki ambalo wengi walilijua kwa kifupi cha KAR. Alipigana Burma, akarudi, akazeeka. Kichupa kile hukaa ndani ya kitako cha bunduki ya Lee-Enfield, katika tundu lenye kifuniko cha chuma, pamoja na kamba ya kuvutia kitambaa ndani ya mtutu. Hicho tu ndicho kilichobaki kwetu kutoka vita vile.

Likizo iliyopita nilikichukua kichupa bila kumwambia bibi. Nilitaka kumshangaza. Nilikipeleka kwa fundi wa simu jirani yetu, ambaye ana kibeseni cha chuma kinachotumia umeme. Simu ikiingia maji, yeye huifungua, huitumbukiza bodi yake katika kibeseni hicho chenye dawa, hubonyeza kitufe, na uchafu huondoka wenyewe. Mashine hiyo huitwa ya altrasoniki, kwa sababu hutumia mawimbi ya sauti yaliyo juu mno kusikika na sikio la binadamu, ndugu wa yale ambayo mama mjamzito hupimwa nayo hospitalini. Fundi alitia kichupa changu, na baada ya dakika chache maji yakawa meusi kama chai ya rangi iliyokaa.

"Umesema ni cha bunduki?" akaniuliza. "Basi ujue huko Marekani watu wanaoshea bunduki zao kwenye hizi mashine, nyumbani kwao, jikoni."

Nilicheka, lakini maneno yake hayakuniacha. Historia ya bunduki tunayofundishwa ni ya kupiga: nani alimpiga nani, wapi, mwaka gani. Ni mara chache tunauliza nani aliisafisha, kwa kitu gani, na nani alikuwa akimtazama. Katika insha hii nitaifuata historia hiyo ya pili. Naamini inaeleza jambo ambalo ile ya kwanza hailisemi: kusafisha silaha hapa kwetu hakukuwa kuondoa uchafu tu, kulikuwa pia namna ya kuihesabu.

Uchafu wenyewe ni nini

Kiswahili kimehifadhi historia hii katika maneno. Kuna gobori, bunduki ya kushindilia kwa mbele. Kuna mdeki, kile kijiti kirefu cha kushindilia. Kuna baruti, na kuna fataki, kile kidonge kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti. Na kuna risasi, neno moja linalobeba maana mbili: kitu kinachoruka kutoka mtutuni, na madini laini na mazito ambayo kitu hicho kilitengenezwa kwayo. Nitalirudia neno hili baadaye, kwa sababu lina hatari ndani yake.

Baruti ya zamani ilikuwa mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa, bali hubaki kama moshi mzito na masizi. Masizi hayo hunyonya unyevu wa hewa, na bunduki iliyoachwa usiku mmoja bila kuoshwa hupata kutu. Dawa yake ilikuwa ndogo: maji. Masizi ya baruti nyeusi huyeyuka katika maji kuliko katika mafuta.

Silaha za aina hii zilidumu sana Afrika Mashariki, na sababu moja ni ya kisheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekea mipaka uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Dola za Ulaya zilijiachia bunduki mpya na kuwaachia wenyeji za kale. Wanyarwanda walionja tofauti hiyo mwaka 1896 huko Shangi, karibu na Ziwa Kivu, majeshi ya mfalme yalipokutana na askari wa Dola Huru ya Kongo wenye bunduki. Mikuki na mishale haikufua dafu.

Kisha ikaja baruti isiyo na moshi, na wengi walidhani shida ya uchafu imekwisha. Haikwisha, ilijificha. Fataki za risasi mpya zilikuwa na kemikali ambayo ikilipuka huacha chumvi inayofanana sana na ile ya mezani. Chumvi hii haionekani kwa macho. Mtutu unang'aa, askari anaupaka mafuta na kulala kwa amani, asubuhi anakuta kutu. Mafuta hayayeyushi chumvi, huifunika tu. Kwa hiyo majeshi yakarudi kwenye dawa ya zamani, yaani maji, safari hii yakiwa ya moto. Maji ya moto huyeyusha chumvi, na tena hupasha chuma joto hata kikajikausha chenyewe. Baada ya hapo ndipo kitambaa, na baada ya kitambaa ndipo mafuta.

Meli ya Manza

Mfano mkubwa kuliko yote wa kusafisha silaha katika eneo letu ulitokea mwaka 1915 katika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga.

Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimeanza, na Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezingirwa baharini na Waingereza. Makampuni mengi ya askari wao bado yalitumia bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye baruti nyeusi. Kila aliyefyatua alijitangaza kwa wingu la moshi. Ujerumani ikatuma meli ya mizigo, Rubens, ikijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, imejaa bunduki mpya, risasi na vifaa vingine. Mwezi Aprili mwaka 1915 manowari ya Kiingereza, Hyacinth, iliifukuza hadi Manza na kuipiga mizinga. Nahodha Carl Christiansen aliifikisha meli yake katika maji mafupi, akaiacha ijae maji, na moto ukawaka juu ya sitaha. Waingereza wakaona moshi, wakaamini kazi imekwisha, wakaondoka.

Mzigo ulikuwa chini ya maji, lakini haukupotea. Uliopolewa, ukabebwa nchi kavu. Hapo ndipo kazi halisi ilipoanza. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba maji ya bahari yaliharibu baruti na fataki kidogo kidogo, na risasi zisizolipuka zikazidi kuwa nyingi. Haikuwapo njia nyingine ila kuzifungua risasi, kusafisha baruti, kubadilisha baadhi ya fataki na kuzifunga upya.

Nimejaribu kuiona kazi hiyo kwa macho ya akili. Kila risasi ni kifuko kidogo cha shaba. Unachomoa kichwa, unamwaga baruti, unaikausha, unafuta chumvi, unarudisha. Unachukua nyingine. Vitabu vinamtaja nahodha, kamanda na majina ya meli, lakini mikono iliyofungua risasi moja moja inapata sentensi mbili tatu. Vita vile vilidumu hadi Novemba 1918, vikavuka nchi yetu pia mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia Kigali wakielekea Tabora. Sidhani vingedumu hivyo bila kazi ile ya kufuta na kukausha.

Baba yake bibi na maji ya moto

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma. Ilikuwa na wanajeshi kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, waliopitia Ceylon kwa mazoezi kabla ya kupelekwa mstari wa mbele. Kazi yao ilikuwa kuwasukuma Wajapani kupitia Bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika, njia zikiwa tope tupu na malaria ikiwaangusha watu. Desemba mwaka huo walifika Kalewa, kwenye Mto Chindwin.

Baba yake bibi hakusimulia sana mapigano. Alisimulia mvua. Alisema kutu ilikuwa adui asiyelala, na kwamba afisa alipokagua hakuangalia uso wako, aliangalia mtutu wako. Askari alifungua bunduki, akaweka ukucha wa dole gumba upande wa nyuma ili umulike mwanga, na afisa akachungulia upande wa mbele. Mstari mzima ulisimama hivyo, dole gumba kwa dole gumba.

Jeshini walisemeshana kwa Kiswahili cha KAR, kile ambacho wataalamu wa lugha wanakiita KiKAR, chenye ngeli chache na amri nyingi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tungekisahihisha kwa kalamu nyekundu kila mstari. Lakini ndicho kilichoingia nyumbani kwetu kwanza. Bibi anasema baba yake alizungumza Kinyarwanda na mkewe, lakini alipoosha panga baada ya kulima, kwa maji ya moto na kulipangusa, alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya amri, kana kwamba panga ni kuruta: "Maji kwanza, mafuta baadaye!" Na kila kitu chenye tundu alikiinua kwenye mwanga na kukichungulia, hata pampu ya baiskeli. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Katika familia yetu kiliingia mapema zaidi, kupitia usafi wa vyuma.

Mashine yenye sauti isiyosikika

Sasa nirudi kwenye kibeseni cha fundi. Asili yake nayo ni ya vita. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Vita Kuu ya Kwanza vilipofika, mwanafizikia Paul Langevin alitumia fuwele kama hizo kinyume chake: alizipa umeme ili zitetemeke na kutuma mawimbi ya sauti majini, kutafuta nyambizi za Kijerumani. Katika majaribio hayo samaki waliopita karibu na mawimbi walikufa. Mwaka huohuo wa 1917 mwanasayansi Mwingereza, Rayleigh, alichapisha hesabu zake kuhusu kiputo kinachojikunja ndani ya maji na nguvu kubwa inayotokea kinapojifunga.

Hayo mawili yakiunganishwa ndiyo mashine yenyewe. Mitetemo, mara nyingi 40,000 kwa sekunde, huzaa viputo visivyohesabika ndani ya maji. Viputo hivyo hujifunga ghafla, na kila kimoja hupiga uso wa chuma kama nyundo ndogo mno. Huingia kwenye tundu, kwenye pembe, kwenye mikunjo ambako kitambaa hakifiki. Kuanzia miaka ya 1950 mashine hizi zilienea viwandani, kisha kwa madaktari wa meno, masonara na mafundi saa, na leo kwa mafundi simu wa Kigali.

Mwaka 1917, wakati samaki wa Langevin wanakufa Toulon, askari wa pande zote mbili kusini mwa Tanganyika walikuwa wakisafisha bunduki kwa kamba na kitambaa. Mwezi Novemba von Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma. Hakuna aliyejua kwamba sauti ile isiyosikika ingekuja kufanya kazi ya kitambaa.

Wenye bunduki wanaotumia mashine hii huanza kwa kutoa risasi zote na kuziweka mbali. Kisha huifungua silaha, na ni vipande vya chuma tu vinavyoingia majini, mbao hazitiwi. Dawa huchaguliwa kulingana na chuma, kwa sababu dawa kali huweza kula alumini na kubabua rangi. Baada ya dakika chache vipande husuuzwa na kukaushwa haraka. Hapo ndipo wengi hukosea: mashine haibagui uchafu na mafuta, huondoa vyote. Chuma kinatoka uchi kabisa, na kisipopakwa mafuta papo hapo kitashika kutu kuliko kabla hakijaoshwa. Yaani kwa umeme wote ule na sayansi yote ile, kanuni ni ileile ya Bonde la Kabaw. Maji kwanza, mafuta baadaye.

Na hapa narudi kwenye neno risasi. Maji yale meusi yana chembe za madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Kibeseni kilichoosha silaha hakipaswi kuosha chupa ya mtoto, wala maji yake kumwagwa kwenye sinki la jikoni. Lugha yetu ilikuwa inatuonya muda wote: risasi yaweza kuumiza hata bila kufyatuliwa.

Nyumbani ni wapi?

Kilichonichekesha katika maneno ya fundi hakikuwa mashine. Ni lile neno "jikoni".

Busanza imo katika sekta ya Kanombe, na kambi ya jeshi ya Kanombe haiko mbali nasi. Tunawaona wanajeshi barabarani, na walinzi wenye silaha kwenye milango ya benki. Lakini bunduki ya mtu binafsi, iliyolala nyumbani pamoja na masufuria, hatuijui. Kwa sheria ya Rwanda raia hamiliki silaha bila kibali. Serikali za eneo letu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, na miongoni mwa mambo zilizokubaliana ni kwamba kila bunduki iwe na alama ya kuitambulisha na iwe katika kumbukumbu. Kwa nchi iliyopita tulikopita, hayo si makaratasi matupu.

Mwenye kibali anayesafisha silaha yake vizuri, popote alipo, namwona ni mtu makini kuliko anayeiacha na uchafu. Ninachosema ni kuhusu kilichokuwamo ndani ya kazi ya kusafisha. Mstari ule wa dole gumba ulikuwa ukaguzi wa kutu na hesabu ya silaha kwa wakati mmoja. Bunduki isiyokuwepo ingejulikana kabla chai haijapoa. Kisha silaha zilirudi ghalani. Baba yake bibi alibeba bunduki miaka kadhaa, lakini hakuwahi kulala nayo chini ya paa moja na wanawe. Mashine inaweza kuchukua nafasi ya kamba, kitambaa na hata maji ya moto. Haiwezi kuchukua nafasi ya yule anayechungulia upande wa pili wa mtutu.

Hitimisho

Nilikirudisha kichupa siku ileile. Kilikuwa kinang'aa kama kipya, na juu yake ilitokea alama ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuiona: mshale mdogo, ambao Waingereza waligonga kwenye mali ya serikali yao. Nilifurahi kama mwanahistoria aliyepata hati.

Bibi alikitazama, akafungua mfuniko, akakipeleka puani. Nilikuwa nimesahau kwamba hivyo ndivyo alivyofanya siku zote anapofuta vumbi kabatini. Akanusa mara ya pili. Akakifunga taratibu.

"Umemwosha baba," akasema.

Hakunigombeza, na hilo lilikuwa zito zaidi. Ndani ya kichupa kulikuwa na tone la mwisho la mafuta ya zamani, limeganda, lenye harufu ya mikono ya mtu ambaye mimi sikumjua na yeye alimjua. Mashine ilinipa alama ya Mfalme, ikaninyang'anya harufu ya mzee. Nilijifunza siku hiyo kwamba si kila kilicho cheusi ni uchafu, na kwamba anayesafisha kitu cha kale huamua, ajue asijue, nini kikumbukwe na nini kiende na maji. Tungeuliza kwanza. Mimi sikuuliza.

Jioni bibi alikwenda kwenye cherehani yake, akaleta kile kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu, akatia matone matatu ndani ya kichupa. Akaninyoshea.

"Sasa malizia kazi yako. Mzee alisemaje?"

Nikasema.